Mteremko wa Shemeji

Mpima alikuwa na ndugu wengi, lakini aliowatembelea ni wale tu waliojaliwa kujenga mlimani.

Si kwamba aliwachukia wa tambarare, la hasha. Aliwatakia heri, aliwatumia salamu, na mmoja wao akifiwa alisikitika kwa dhati kutoka mbali. Tatizo, alisema, ni gari. Lilikuwa gari la mwaka wa 1951, jeusi, la mviringo kila upande, lenye umeme wa volti sita wakati magari ya watu wengine wote yana kumi na mbili. Asubuhi, likiwa limepoa, liliwaka kwa kubembelezwa. Lakini likishapata moto ukalizima, umekwisha. Stata iligeuka mara moja, ikaguna kama mtu aliyeamshwa kabla hajashiba usingizi, kisha ikanyamaza. Dawa ilikuwa moja tu, mteremko. Unaegesha pua ikitazama chini, na ukitaka kuondoka unaachia breki, linaporomoka taratibu, unatia gia ya pili, unaachia klachi, linawaka. Kwa miaka tisa nyumba nzima iliishi kwa kufuata miteremko.

Na nani angeyapanga maisha hayo vizuri kuliko yeye? Alikuwa ameipima ardhi ya serikali kwa miaka thelathini na minne, na jina la Mpima alilopewa ofisini lilimfuata hadi kwenye kustaafu. Ndani ya droo ya meza yake kulikuwa na daftari la jalada gumu, na humo aliandika kwa mwandiko wa kiofisi kila mahali palipofaa kuegesha. Benki: mteremko mzuri, upande wa kushoto, ufike kabla ya saa tatu. Daktari wa meno: unatosha. Daktari wa macho: tambarare kabisa, na mbele yake neno moja, "Tuvumilie." Mpwa wake anayeuza mbao alipata nyota tatu, maana alikuwa amejenga kwenye kilima, na kwa sababu hiyo tu alihesabiwa kuwa kijana mwenye akili. Rafiki yake wa tangu utotoni alihamia bondeni, na urafiki ukafia hapo. Kwenye ukurasa wa kwanza, kwa wino mwekundu, ilikuwa imeandikwa kanuni yenyewe: isipungue mita moja kushuka kwa kila mita kumi na mbili kwenda mbele.

Mkewe aliizoea kanuni hiyo kama wengine wanavyozoea mume anayekoroma. Alinunua mboga soko la juu, lenye mboga mbaya, kwa kuwa soko la chini, lenye mboga nzuri, lilikuwa tambarare. Alikaa ndani ya gari mikono imefungwa kifuani wakati mumewe akizunguka mtaa mara tatu kutafuta pa kuelekeza pua. Hakusema kitu. Alikuwa na jambo moja tu lililomuuma, na hilo alilisema kila mwaka, na kila mwaka alijibiwa "tambarare."

Jambo hilo lilikuwa dada yake.

Dada mtu alikuwa mkunga mstaafu, mwanamke mkubwa wa umbo na wa sauti, aliyewapokea mikononi mwake nusu ya watoto wa wilaya, wakiwemo watatu wa Mpima mwenyewe. Alikaa mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwao, mahali palipo sawa kama meza. Miaka tisa iliyopita alifanya sherehe ya kustaafu, na Mpima alikwenda na gari lake likiwa ndiyo kwanza limetoka kupakwa rangi. Huko hakuzungumza lingine. Aliwatembeza wageni kuanzia taa za mbele hadi mkia, akafungua boneti waone kwamba hata huko ndani kila chuma, kila nati, kila bolti imepakwa rangi nyeusi inayong'aa. Kulikuwa na wazee waliotaka kula, na hawakula mpaka wameiona bolti ya mwisho.

Jioni ilipofika, gari likakataa. Lilikuwa na moto wa safari na wa kuwashwa mara kwa mara ili watu wasikie mlio. Wageni wakavua makoti wakasukuma. Mkunga naye, ndani ya gauni jipya lililoshonwa kwa ajili ya siku ile, akajipanga nyuma akasukuma kuliko wanaume. Lilipowaka likaruka mbele ghafla, yeye akabaki hana cha kuegemea, akaanguka kifudifudi, na bomba la moshi likamtemea masizi usoni na kifuani. Aliinuka, akajitazama, akamtazama shemeji yake, akasema kwa ile sauti ya wodini:

"Shemeji, gari lako zuri sana. Siku ukipata lenye injini, utuletee nalo tulione."

Uwanja mzima ulicheka. Mpima hakucheka, na hakurudi tena.

Badala yake alitoa maelezo. Gari, alisema, lilikuwa zima kabisa kabla ya siku ile. Lilianza kugoma palepale, uwanjani pale, mbele ya mwanamke yule. Yeye hakuwa mtu wa kuamini mambo ya ajabu, alikuwa msomi, lakini ukweli ulijieleza wenyewe. Ni mdomo wa shemeji. Aliwaambia wakwe, aliwaambia majirani, aliwaambia na watoto wake, ambao walikuja duniani kwa mikono ya huyohuyo mwenye mdomo.

Mkewe aliendelea kwenda kwa dada yake kwa basi, peke yake, mara mbili kwa mwaka. Kila aliporudi alileta salamu ileile: "Dada anakusalimu. Anasema pa kuegesha pameshapatikana."

"Mshukuru sana," Mpima alijibu. "Mwambie nami nikipata pa kufia nitamjulisha."

Maana yeye mwenyewe hakuwahi kutoa neno lisilokuwa na kijembe ndani yake, na hakuona sababu ya kudhani kuna watu wanaoishi tofauti.

Basi, Jumatatu moja asubuhi, mkewe aliweka kikombe chake cha chai mezani bila kukinywa.

"Dada anahama Jumapili," alisema. "Anakwenda kukaa kwa mwanawe. Safari ya siku mbili kwa gari moshi."

"Safari njema," alisema Mpima, akigeuza ukurasa wa gazeti.

"Ana miaka sabini na sita. Mimi nina sabini na mbili na nyonga mbovu, basi siwezi kulipanda tangu mwaka jana. Akishaondoka hatutaonana tena. Hilo unalijua."

"Kuna magari ya kukodi."

"Yapo. Lakini sitaki kwenda kumuaga dada yangu kama mjane na mume wangu yuko nyumbani anafuta vumbi kwenye bampa. Jumamosi tunakwenda wote, Mpima. Na gari lako."

Kwa kawaida alimwita baba. Alipomwita Mpima, kama watu wa ofisini, ilikuwa ishara kwamba mambo yameharibika. Mpima alikunja gazeti.

"Kule ni tambarare," alisema.

"Najua kule ni tambarare. Nimezaliwa huko. Kwa hiyo nimeita fundi."

Hapo ndipo Mpima alipotoa macho. Katika miaka tisa alikuwa amenunua betri tano, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia. Alikuwa amemsikiliza mtaalamu mmoja wa kwenye kiti cha kinyozi aliyemshauri aweke betri ya volti nane, na taa zote za gari zikaungua usiku mmoja. Lakini hakuna fundi aliyekuwa amemruhusu aliguse. Mafundi wote aliowaendea walisema jambo moja, "Mzee, toa huu umeme wa kizamani uweke wa volti kumi na mbili," na yeye aliliona hilo ni sawa na kumkata mgonjwa kichwa kwa kuwa anaumwa jino. Na kulikuwa na sababu nyingine ambayo hakuisema. Fundi huja na spana, na spana hukwaruza rangi. Kila mwisho wa mwaka, kwa siku mbili, Mpima alichukua brashi ndogo ya kuchorea ramani na kuipaka upya kila bolti ndani ya boneti. Hakuna spana iliyokuwa imezigusa tangu siku zilipopakwa mara ya kwanza.

Fundi aliyekuja Jumatano alikuwa mwanamke wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi, mifuko ya koti imejaa vipande vya waya. Watu walimwita Mama Cheche. Alikuwa na chumba kimoja nyuma ya kiwanda cha mbao, ambako alifufua stata na dainamo ambazo wenzake walishaziuza kama chuma chakavu. Alimwambia Mpima alizungushe gari mtaani mpaka lipate moto, alizime, kisha akafungua boneti, akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Kwenu hapa chombo cha kulia kinang'aa hivi?" aliuliza.

"Asante," alisema Mpima.

"Sijasifu bado. Mama, naomba uingie kwenye usukani, upige stata nikikuambia."

"Yeye hajui gari hili," Mpima alisema.

"Kupiga stata gari lisilowaka si kazi ya kusomea, mzee."

Mama Cheche alitoa mita yake ya kupimia umeme, kisanduku kidogo chenye nyaya mbili, akazigusisha ncha zake kwenye vichwa vya betri. Mshale ukasimama juu kidogo ya sita. Akamwambia mke wa Mpima apige. Stata ikaguna, na mshale ukashuka hadi tano na nusu.

"Betri nzima," alisema. "Kuliko inavyostahili. Sasa tusogee." Akagusisha ncha kwenye stata yenyewe, moja kwenye waya unaoingia, nyingine kwenye mwili wake. "Piga, mama." Mshale ulipanda kwa uvivu ukakomea kwenye tatu.

Mpima alisogea. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alisahau kukereka, kwa kuwa mbele yake kulikuwa na vipimo, na vipimo havikubaliani.

"Mzee, wewe si ulikuwa mpimaji?" Mama Cheche aliuliza. "Ukianza kwenye tano na nusu, ukatembea hatua mbili, ukakuta tatu, unasemaje?"

"Nasema kuna mjinga katikati."

"Basi tumtafute."

Alianza na waya unaotoka kwenye betri kwenda kwenye stata. Ulikuwa mwekundu, mzuri, mwembamba.

"Huu ulitoka wapi?"

"Niliuweka mwenyewe, wakati wa rangi. Ulikuwepo mwingine mzee, mnene, umechakaa ngozi. Ulikuwa unaharibu sura."

"Ulikuwa unaharibu sura," Mama Cheche alirudia polepole, kama anayeandika ushahidi. "Mzee, umeme wa volti sita ni kama bomba la maji lenye msukumo mdogo. Ukitaka ndoo ijae upesi, lazima bomba liwe pana. Wewe umelitoa bomba ukaweka mrija wa soda. Mwekundu, sawa, unapendeza. Ule mzee uko wapi?"

Mpima hakujua. Mkewe ndiye aliyejibu kutoka kwenye usukani. "Si ndio ule unaofunga mlango wa stoo?"

Ulikuwa ndio. Miaka tisa ulikuwa umezungushwa kwenye kitasa cha stoo, mnene kama kidole gumba, shaba tupu ndani, ukizuia mlango usibamizwe na upepo. Mwenzake wa upande wa hasi alikuwa ameshikilia mguu wa meza ya bustani. Mama Cheche aliwapokea wote wawili kwa heshima iliyostahili.

"Huyo ni mjinga wa kwanza," alisema. "Amekula volti moja. Bado moja na nusu."

Akainama chini zaidi. Waya wa hasi ulitoka kwenye betri ukafungwa kwa bolti kwenye bodi la gari. Kutoka hapo umeme ulitakiwa kupita kwenye chuma cha bodi hadi kwenye injini na stata, ndio urudi nyumbani. Aliikwaruza bolti kwa ukucha. Ikatoka rangi. Akaikwaruza tena. Chini ya rangi ile palikuwa na rangi nyingine.

"Matabaka mangapi haya?"

"Tisa," Mpima alisema, na hakuweza kuzuia fahari kidogo. "Na la kwanza, kumi."

"Chini ya waya nako?"

"Kila mahali. Mpaka chini ya waya. Sikuacha hata sehemu moja yenye uwazi wa kupata kutu."

Mama Cheche alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Lilianza lini kugoma, mzee?"

"Siku ya sherehe ya shemeji."

"Na rangi ya kwanza ilipakwa lini?"

Mpima alifungua mdomo. Alikuwa mtu wa tarehe, hakuwa na pa kukimbilia. "Wiki mbili kabla ya hapo," alisema.

Ndani ya gari mkewe alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, akimtazama kupitia kioo cha mbele, na hakusema hata neno moja. Mpima angefurahi zaidi kama angesema.

"Rangi haipitishi umeme," Mama Cheche alisema, sasa kwa upole, jambo lililozidi kuuma. "Umekuwa ukiufungia mlango, halafu kila mwaka unarudi kuongeza komeo." Akatoa kipande cha msasa, akampa mkononi. "Aliyeipaka aitoe."

Kuna wanaume wamezika wazazi wao kwa utulivu zaidi. Mpima alipiga magoti mbele ya gari lake akaanza kusugua, na kila tabaka lilipotoka alihesabu mwaka wake. Mahali pa betri. Mahali injini inapoungana na bodi. Mahali stata inapokaa. Palibaki madoa matatu ya chuma kitupu, kila moja ukubwa wa kifuniko cha chupa, yaking'aa kwa namna ambayo hakuwa ameizoea. Mama Cheche alikata ncha za zile nyaya nene, akazivika vichwa vipya, akazifunga kwa nguvu, akapaka grisi juu ili kutu isipate njia.

"Grisi," alimwambia Mpima, akimwonyesha kidole. "Baada ya kufunga. Si rangi. Na hiyo brashi yako wape wajukuu wachoree."

Mke alipopiga stata, injini iliwaka kabla Mpima hajamaliza kujiandaa kuhuzunika.

Mchana ule aliliendesha gari saa nzima mpaka likapata moto sawasawa, akalipeleka kwenye uwanja wa nyuma ya kiwanda cha mbao, uwanja ambao kwenye daftari ulikuwa na alama ya msalaba, akalizima katikati ya tambarare. Akapiga stata. Likawaka. Akalizima. Likawaka. Alifanya hivyo mara saba, na mara ya saba alicheka peke yake mpaka mlinzi wa kiwanda akaja kutazama.

Furaha ya kweli ingemtosha mtu mwingine. Yeye, kabla hajafika nyumbani, alikuwa ameshaanza kuigeuza silaha. Aliona picha yote. Angefika kwa shemeji, angesimamisha gari katikati ya ule uwanja bapa, palepale pa aibu yake, angelizima, angesubiri watu watoke. Kisha kwa kidole kimoja angepiga stata, na injini ikinguruma angesema: "Shemeji, nimekuja na lenye injini." Aliifanyia mazoezi sentensi hiyo bafuni. Aliijaribu kwa sauti nzito, akaijaribu kwa kutojali, akaona ya kutojali inakata maini zaidi.

"Kwa hiyo haukuwa mdomo wa dada," mkewe alisema Ijumaa usiku, akikunja nguo za safari.

"Nilisema huenda."

"Ulisema kila mwaka. Uliwaambia watu. Naye aliambiwa."

"Nani alimwambia?"

"Uliwaambia watu wangapi, Mpima?"

Alijitia kutafuta soksi.

Jumamosi waliondoka mapema. Barabara ilishuka, ikashuka tena, mpaka ikaishiwa pa kushukia, na Mpima aliyeijua ardhi alihisi kila mita ya tambarare ikiingia kwenye kiti. Zamani angetokwa na jasho. Leo alipiga mluzi. Mkewe alikuwa amevaa vizuri, na alikuwa akitazama nje kwa wasiwasi ambao mumewe hakuuelewa, maana gari lilikuwa linakwenda kama saa.

Walipokata kona ya mwisho aliiona nyumba, na ule uwanja, sawa kama meza. Na kando ya lango aliona kitu ambacho miaka tisa iliyopita hakikuwepo.

Lilikuwa tuta. Lilikuwa limejengwa kwa mawe pande zote mbili, likajazwa udongo na kifusi, na juu yake yamemiminwa mapito mawili ya saruji, upana wa tairi, yaliyoachana kadiri ya tairi za gari lake. Upande wa nyuma ulikuwa mpana, wa kupandia taratibu. Upande wa mbele ulishuka kuelekea barabarani. Mpima hakuhitaji kifaa. Jicho lake lilipima lenyewe, kama lilivyopima kwa miaka thelathini na minne, na likamletea jibu. Mita moja kwa kila mita kumi na mbili.

Alisimamisha gari.

"Nani aliyempa kipimo?" aliuliza.

"Alinituma nikiangalie kwenye daftari lako," mkewe alisema. "Mwaka uleule wa sherehe. Tuta limemchukua miezi minne. Mawe mengine aliyabeba mwenyewe kwa toroli."

Saruji ilikuwa imeshapata rangi ya kijivu cha zamani. Nyasi zilikuwa zimeota kwenye nyufa, na mtu alikuwa akizing'oa, maana zilikuwa fupi. Hakuna tairi lililowahi kupita juu yake.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili kila mwaka. Pa kuegesha pameshapatikana. Ulitaka nikuambie kwa lugha gani?"

Mkunga alikuwa ametoka mlangoni. Alikuwa amepungua. Lile umbo kubwa lilikuwa limebaki kwenye mabega tu, na alitembea kwa fimbo, lakini alikuja moja kwa moja mpaka dirishani, akainama, akamtazama shemeji yake. Nyuma yake, barazani, masanduku yalikuwa yamefungwa kamba tayari.

Sentensi ilikuwepo. Mpima aliitafuta mdomoni, akaikuta, akaona aibu kwamba aliifanyia mazoezi.

"Shemeji," alisema. "Shikamoo."

"Marahaba. Umechelewa kidogo."

"Ilikuwa rangi," alisema Mpima. Yalimtoka yote kwa pamoja, bila mpangilio wala kijembe. "Si wewe. Nilipaka rangi mahali pa kupitia umeme. Mimi mwenyewe, kwa brashi. Kila mwaka."

Mkunga alifikiri kidogo. "Mimi niliambiwa ni mdomo wangu," alisema. "Nikasema basi, kama mdomo umeharibu, acha mikono itengeneze." Akaelekeza fimbo kwenye tuta. "Panda. Nataka nione kama mafundi walinidanganya."

Mpima alitia gia ya kwanza, akazunguka nyuma, akapanda. Tairi zilikaa katikati ya saruji bila kusahihishwa. Alisimama juu, pua ikitazama barabara, akavuta breki ya mkono, akazima injini. Kisha alikaa kidogo humo ndani kabla ya kushuka, na mkewe, aliyemjua, alitangulia kutoka na kumfungia mlango ili asionekane akijifuta macho.

Walikaa kutwa. Dada wawili walifungua masanduku yaliyokwisha kufungwa, wakatoa vitu, wakagombania kimoja kimoja kilikuwa cha nani wakati wa utoto, wakavirudisha. Walicheka mpaka nyonga ya mmoja na miguu ya mwingine vikasahauliwa. Mpima alikaa kwenye kiti kando yao akifunga kamba upya kila walipofungua, na hakuna aliyemsikia akilalamika. Mara mbili alitoka akaenda kulitazama lile tuta, akapitisha mkono kwenye mawe, akarudi.

Saa kumi ilipofika, dada wawili waliagana. Hilo lilichukua muda, na si la kusimulia. Mke wa Mpima aliingia garini, leso usoni. Mpima alikaa kwenye usukani, akaingiza ufunguo, na katika kioo akaona kitu cheusi kikisogea nyuma ya gari. Alitoa kichwa nje.

"Shemeji, toka huko nyuma. Utachafuka."

"Nilishachafuka," alisema Mkunga. Alikuwa ameiegemeza fimbo kwenye mawe na kuweka viganja vyote viwili juu ya buti. "Wewe endesha."

Kitufe cha stata kilikuwa pale, karibu na goti lake. Betri ilikuwa imejaa, nyaya zilikuwa nene kama kidole gumba, na madoa matatu ya chuma yalikuwa safi chini ya grisi. Kingebonyezwa kwa kidole kimoja. Mpima alikitazama, akauondoa mkono, akaachia breki.

Gari lilianza kuteremka polepole, na kwa hatua mbili tatu viganja vya mwanamke yule vilikwenda nalo. Likashika kasi. Akatia gia ya pili, akaachia klachi, na injini ikawaka papo hapo, chini kabisa ya mteremko, pale kipimo kilipotaka. Nyuma yao Mkunga alinyanyua mikono yote miwili juu na kupiga kelele ya furaha iliyosikika mpaka barabarani.

"Stata imeharibika tena?" mkewe aliuliza walipofika kona, akijifuta macho.

"Ni nzima," alisema Mpima. Walipofika nyumbani alitoa daftari kwenye droo, akafungua ukurasa mpya, akaandika: Kwa shemeji, nyota tatu.